Watoto wa shule mbele ya sokomutu: somo linalorudi mpaka nyumbani

Wandugu wanakoperative, safari hii hatuongei juu ya mbegu wala bei ya mahindi. Tunaongea juu ya watoto wetu na wanyama wa pori, maana mambo hayo mawili yanafika mpaka shambani.

Kule Lubumbashi, ndani ya zoo ya mji, kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K. Franck na Roxane Chantereau walikianzisha mwaka 2006. Jina lake kwa Kifaransa lina maana ya wanyama wachanga walionyang'anywa wauzaji huku Katanga. Wengi wao ni sokomutu yatima. Sokomutu hawaishi katika pori letu la miombo. Wanatolewa misitu ya mbali, kaskazini, na kushushwa huku kwa sababu ya mpaka wa Zambia. Ng'ambo ya mpaka huo, karibu na Chingola, kuna kituo kingine, Chimfunshi, kilichoanza mwaka 1983 kwa kumpokea sokomutu mdogo aliyetoka Kongo.

Wanafunzi wanajifunza nini?

Kituo cha Lubumbashi kinapokea wanafunzi pamoja na walimu wao. Hesabu iliyo nyuma ya kila yatima, hata sisi wafugaji tunaielewa haraka. Mbuzi anabeba mimba miezi 5, na anaweza kuzaa mapacha. Sokomutu anabeba miezi 8 hivi, anazaa mtoto mmoja, kisha anakaa karibu miaka 5 kabla ya kuzaa tena. Mama hamwachi mtoto wake. Mwindaji akitaka mtoto mmoja, lazima amuue mama, na mara nyingi wengine wanaokuja kumtetea. Yule mdogo anayeuzwa barabarani ameacha maiti nyuma yake.

Kazi hii si mchezo. Mwezi wa 9, 2022, wezi waliingia J.A.C.K. usiku, wakachukua sokomutu watatu wadogo, halafu wakadai pesa ili wawarudishe.

Na sisi wa Lualaba?

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 300. Masomo mengi ya vijiji hayawezi kulipa transporti. Lakini somo lenyewe linatuhusu. Karieri zimekula mashamba, makala yamekula miti, na wanyama waliobaki wanakamatwa kwa mitego ya waya: swala, ngiri, hata kakakuona, ambaye biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa.

Tunajua mzazi atauliza: “Mwalimu anamwambia mtoto wangu aache nyama ya pori. Basi bukari tutakula na nini?” Ni swali la haki. Mtoto asiwekwe katikati, huku mwalimu, huku baba. Sheria nayo haikatazi kila nyama: kuna wanyama waliolindwa kabisa, kama sokomutu, na kuna wengine wanaowindwa kwa ruhusa na kwa majira. Somo zuri linaeleza tofauti hiyo, tena linaonyesha njia nyingine ya kupata kitoweo.

Koperative inaweza kufanya nini?

Kwanza, kaeni na direkta wa shule na komite ya wazazi. Ile hesabu ya mbuzi na sokomutu inaweza kufundishwa darasani, bila safari na bila franka hata moja.

Pili, toeni sungura au kuku wachache kwa shule, watoto wawafuge wenyewe. Mkiwa na mizinga ya nyuki, waiteni siku ya kuvuna asali. Waonyesheni pia miti inayoliwa na viwavi tunaowaokota wakati wa mvua. Mtoto anayeona asali na viwavi vinatoka pori lililo hai, hataharakisha kulikata kwa makala.

Tatu, mkipata nafasi ya kupeleka watoto kituoni, waelezeni mapema: hakuna kugusa mnyama, hakuna kumtupia chakula, na mwenye mafua abaki nyumbani. Magonjwa yetu yanawapata sokomutu, na yao yanaweza kutupata sisi.

Nne, na hili ni kwa watu wazima zaidi: mkikuta mnyama mchanga anauzwa, msimnunue hata kwa huruma. Pesa yenu itamrudisha muuzaji porini kutafuta mwingine. Mwambieni chefu wa kijiji na watu wa ICCN walio karibu, wao ndio wenye kazi ya kumnyang'anya kwa sheria.

Swali hili la mwisho ndilo tunaomba mlijadili kwenye mkutano wenu ujao: katika kijiji chenu, mtoto akirudi nyumbani na somo hili, atakuta nini cha kula?