Siku ya Jua Baada ya Dhoruba

Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Haufiki hata robo ya Kilimanjaro. Majira ya kiangazi familia nzima huupanda asubuhi na kushuka jioni. Lakini ikishaingia Desemba, mlima huu wa Uskoti unakuwa mlima mwingine. Upande wake wa kaskazini, wenye majabali ya mamia ya mita na makorongo yaliyoganda barafu, huwavuta wapandaji kutoka mbali, nao huja na shoka za barafu mikononi na meno ya chuma yaliyofungwa chini ya buti. Wengi hurudi salama. Wachache hufukiwa na theluji, na kinachoniuma kila ninaposoma habari zao ni kwamba mara nyingi theluji iliyowaua waliiangusha wenyewe.

Bado wako wanaoamini kwamba maporomoko ya theluji huanzishwa na kelele: mtu kapiga ukelele bondeni, mlima ukashuka. Sauti ya binadamu haina nguvu hiyo. Uzito wake unayo. Kumbukumbu zilizokusanywa kwa miongo mingi katika milima ya Alpi na Amerika ya Kaskazini zinaonyesha kwamba kwa karibu watu 9 kati ya 10 wanaofikwa na maporomoko wakiwa kwenye michezo ya milimani, poromoko hilo limeanzishwa na wao au na mwenzao waliyefuatana naye. Kwa hiyo kinachopaswa kuulizwa ni hiki: kwa nini mteremko uliowabeba watu watano bila kutikisika unamwangusha wa sita?

Jibu limelala chini ya uso wa theluji. Kila dhoruba huweka tabaka lake juu ya lililotangulia, na matabaka hayo hayafanani. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzijoto sifuri hata hewa ya juu ikiwa na baridi kali. Tofauti hiyo ikizidi nyuzi 10 hivi kwa kila mita moja ya kina, mvuke hupanda kutoka punje zenye joto kidogo na kuganda kwenye zile za baridi. Siku chache zinatosha. Punje zilizokuwa zimeshikana hugeuka kuwa fuwele kubwa zenye kona kali, zisizogusana vizuri; ukizichota kwa glavu humwagika kama sukari ya gunia. Hilo ndilo tabaka dhaifu. Peke yake halimdhuru mtu. Hatari huja dhoruba inayofuata inapoliwekea juu bamba la theluji iliyoshikamana.

Mpandaji akikanyaga mahali ambapo bamba ni jembamba, uzito wake hupenya hadi kwenye zile fuwele na kuziponda. Bamba hushuka milimita chache tu, lakini kule kushuka hulipinda na kuzielemea fuwele za jirani, nazo hupondeka, na za jirani yake vilevile. Ufa hukimbia chini ya theluji kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Wakati mwingine husikika mvumo mzito, kama pumzi inayotolewa ardhini, na waliowahi kuusikia hawausahau. Pakiwa tambarare, mambo huishia hapo. Mteremko ukizidi nyuzi 30, bamba hukatika kwa juu na kuanza kuteleza pamoja na aliyesimama juu yake. Chukua bamba dogo la unene wa nusu mita, upana wa mita 50 na urefu wa mita 40. Likiwa na kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, ambao ni uzito wa kawaida kabisa, hizo ni tani 200.

Na yule wa sita? Huenda wenzake walipita palipo na unene wa mita moja na nusu, ambapo uzito wao haukufika chini. Yeye akasogea hatua mbili kando, karibu na jiwe, ambako bamba lilikuwa la sentimita 30. Kwa macho, theluji ilikuwa ile ile moja nyeupe.

Uskoti kuna jambo jingine linaloongeza hatari, nalo ni upepo. Tarehe 20 Machi 1986, kituo cha kilele cha Cairn Gorm kilipima kasi ya takriban kilomita 278 kwa saa. Upepo dhaifu zaidi ya huo kwa mbali unatosha kukwangua theluji upande mmoja wa mlima na kuimwaga upande wa pili. Punje zikisukumwa ardhini huvunjika vipande vidogo, na vipande hivyo vikitua hupangana vikabana. Hapo bamba limekamilika, pengine kwa saa chache, pengine bila hata chembe moja kuanguka kutoka mawinguni. Upepo wa nchi ile huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo mzigo huishia kwenye mabonde na makorongo yanayotazama kaskazini na mashariki. Na barafu nzuri ya kupanda iko wapi? Huko huko, kwa sababu jua haliifikii. Mahali mpandaji anapopatamani ndipo upepo unapoweka mzigo wake.

Sehemu mbaya zaidi ya korongo huwa mwisho wake. Mtu amepanda mita mia mbili au tatu, mikono imechoka, mchana wa kaskazini ni mfupi na giza liko njiani. Juu yake unaning'inia ukingo wa theluji uliojengwa na upepo, na chini ya ukingo huo, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote, ndipo bamba jipya lilipokaa. Kurudi nyuma kunahitaji kamba na muda. Kilele kiko hatua ishirini mbele. Wengi huendelea. Kushuka nako kuna hatari yake: tarehe 19 Januari 2013, wapandaji wanne walipoteza maisha kwenye Bidean nam Bian, Glencoe, wakati kundi lao likiteremka.

Nchi ile ina huduma rasmi ya taarifa za maporomoko. Kila siku ya majira ya baridi hutoa utabiri kwa maeneo sita ya milima, na wataalamu wake hupanda wenyewe kwenda kuikagua theluji. Kazi yenyewe ni ya koleo na vidole. Mtaalamu huchimba shimo, husawazisha ukuta wake, kisha hujaribu kila tabaka: linaingia ngumi? Vidole vinne? Kidole kimoja? Penseli? Au ni kisu tu? Ugumu ukibadilika ghafla kutoka tabaka moja hadi jingine, hapo ndipo pa kutazama. Kisha nguzo ya theluji hutengwa kwa msumeno, koleo huwekwa juu yake, na hupigwa mara kumi kwa mkono unaokunjika kwenye kifundo, kumi kutoka kwenye kiwiko, kumi kutoka begani. Nguzo inayokatika kwa mapigo machache, ikateleza safi, imeshatoa habari mbaya.

Matokeo hutolewa kwa kipimo cha ngazi tano. Ngazi ya 3 ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Iko katikati, na mtu huisoma kama hali ya wastani. Nchini Uswisi, ngazi hiyo hutangazwa takriban theluthi moja ya siku za majira ya baridi, lakini huchukua karibu nusu ya vifo. Ngazi ya 5 kila mtu hubaki nyumbani. Ngazi ya 3 mara nyingi huja na anga ya buluu, upepo umetulia, dhoruba imepita jana, na magari yamejaa bondeni.

Uzoefu nao hauponyi kama tunavyotarajia. Mtafiti Mmarekani Ian McCammon alichambua ajali 715 za maporomoko na kukuta kwamba watu waliokuwa kwenye mteremko wanaoufahamu walikubali hatari kubwa zaidi, hata wale waliosomea somo hili. Hilo naliona kuwa ndilo fumbo gumu kuliko yote hapa. Ukifunga fundo vibaya, kamba itakuonyesha. Ukivuka bamba lililobakiza kidogo tu kukatika, utafika ng'ambo, utakunywa chai, na utaamini uliamua vyema.

Likishakatika, muda ni mfupi mno. Uchunguzi wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba waliofukiwa na kutolewa ndani ya dakika 15 walipona kwa asilimia 92. Kufikia dakika 35 ilibaki asilimia 30. Theluji ina hewa ndani yake, lakini pumzi ya aliyefukiwa huyeyusha theluji iliyo mbele ya mdomo, ikaganda tena kuwa utando wa barafu, naye hubaki akivuta hewa chafu aliyoitoa mwenyewe. Helikopta haiwahi. Wanaowahi ni wenzake, wakiwa na kifaa cha redio cha kilohezi 457, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo. Wako wapandaji wa makorongo wanaoviacha kwa hoja kwamba huko mtu huuawa na miamba kabla ya kukosa hewa. Hoja hiyo ina ukweli, ila siioni kuwa sababu ya kutosha ya kumnyima mwenzako zile dakika 15.

Kilicho bora ni kutofika huko. Hali ya hewa ya Uskoti husaidia: theluji ikiyeyuka na kuganda tena, matabaka huungana, na shoka hukamata imara. Ila hilo huchukua siku kadhaa, na likizo ya mpandaji huenda ni Jumamosi na Jumapili tu. Kwa siku mbili hizo, kama utabiri ni ngazi ya 3 na upepo ulitoka kusini-magharibi, ipo migongo ya milima iliyopigwa na upepo huo huo hadi mwamba ukatokeza, ambako hakuna bamba la kukatika. Korongo litakuwepo wiki ijayo.