Juma Zima la Nyimbo na Ngoma katika Nchi ya Chaka

Mji wa Chaka si mkubwa. Umejengwa kando ya barabara kuu itokayo Karatina kwenda Naro Moru na Nanyuki, katika uwanda wa Kieni, Mlima Kenya ukiwa upande wa mashariki na milima ya Nyandarua upande wa magharibi. Msafiri apitaye hapo kwa gari aghalabu huona viazi, kabichi na vitunguu tu. Hununua mzigo wake akaenda zake. Lakini mtu akaaye Chaka na miji iliyo jirani yake kwa muda wa juma moja atatambua kwamba ni nadra siku kupita bila wimbo kuimbwa mahali fulani, na kwamba kila wimbo una siku yake na watu wake.

Katika makala haya twataka kuzifuata siku hizo, na kuuliza swali moja liwahusulo wazazi wote wa nchi hii: mbona nyimbo nyingine zina warithi wengi, na nyingine zimebaki mikononi mwa wazee wachache?

JUMAPILI KANISANI

Juma huanza kwa kwaya. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na Waskoti walijenga misheni yao Tumutumu, karibu na Karatina. Kila upande ulileta nyimbo za kwao, zikafasiriwa kwa Kikuyu, na watu wakajifunza kuimba kwa sauti nne na kusoma maneno kitabuni. Miongoni mwa Wakatoliki misa ilisomwa kwa Kilatini mpaka wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa kutoka 1962 hata 1965. Baada ya hapo ngoma na kayamba ziliingia kanisani, na watunzi wa nchi hii wakaanza kutumia sauti za kwao wenyewe. Nao Waakorino, wajulikanao kwa vilemba vyao vyeupe, huabudu kwa ngoma na kucheza, hata mtu huwasikia tangu mbali kabla hajawaona.

Nguvu ya kwaya hizi ilionekana tarehe 23 Mei 2015, Sista Irene Stefani, ambaye watu walimwita Nyaatha, alipotangazwa kuwa Mwenye Heri mjini Nyeri mbele ya umati mkubwa sana.

Msomaji na aangalie jinsi kwaya inavyotunzwa. Ina siku yake isiyobadilika. Ina jioni ya mazoezi katikati ya juma. Ina kiongozi, ina kitabu, na mtoto husimama pamoja na wakubwa akaokota wimbo kabla hajaweza kuusoma. Kwa sababu hiyo mwimbaji mmoja akifa, wimbo haufi naye.

SIKU ZA SHULE

Kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa nyimbo huhamia shuleni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka 1927, na lile la maigizo ya shule mwaka 1959. Mashindano hayo huanza karibu na nyumbani, kisha washindi hupanda ngazi kwa ngazi mpaka yale ya taifa zima. Wakati wake ukikaribia, mkulima apalilie viazi karibu na shule atasikia wimbo ule ule ukirudiwa mara ishirini mpaka mwalimu aridhike.

Jambo jema katika tamasha hili ni kwamba nyimbo za asili zimepewa nafasi yake na waamuzi wake. Mtoto wa Kieni aweza kuimba wimbo wa Wataita au wa Waluo, na mtoto wa Kisumu akacheza ngoma ya Wakikuyu, na kila mmoja hupewa alama kwa kuufanya vizuri. Lakini kuna upungufu pia. Wimbo wa mashindano hukatwa ili utoshe dakika zilizowekwa, na ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha humalizika kabla ya kikombe cha chai kupoa. Mtoto hujua mwanzo na mwisho wake. Katikati hubaki kwa babu.

SOKONI, MAHALI PA GICANDI

Siku ya soko ni siku ya kelele: wachuuzi huita wateja, wahubiri husimama juu ya masanduku, na redio za vibandani hushindana. Tangu mwaka 2000 vituo vya redio vya watu binafsi vitangazavyo kwa Kikuyu vimezidi kuongezeka, na leo mwenye duka hufungua redio mapema kuliko anavyofungua mlango.

Zamani kelele ya soko ilikuwa na mfalme wake, naye ni mwimbaji wa gicandi. Gicandi ni kibuyu kilichotiwa mbegu ndani ili kilie kikitikiswa. Juu ya ganda lake huchongwa alama, na kila alama humkumbusha mwimbaji ubeti wake. Waimbaji wawili walisimama wakikabiliana, huyu akitoa fumbo na yule akilifumbua, watu wamewazunguka. Aliyeshindwa kufumbua aliweza kunyang'anywa kibuyu chake mbele ya watu wote, na hiyo ilikuwa aibu kubwa. Basi mwimbaji wa gicandi alikuwa mtu wa kukumbuka mengi na kujibu upesi. Hakuwa mtu wa sauti nzuri tu.

Mchezo huu ulikuwa katika hatari ya kupotea usijulikane hata jina. Ulisaidiwa na maandishi. Padre Vittorio Merlo Pick wa Consolata alikusanya beti zake, kitabu chake kikatolewa mwaka 1973. Ngugi wa Thiong'o alimfanya mwimbaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka 1980, na Kimani Njogu, mtaalamu mashuhuri wa Kiswahili, aliufanyia utafiti wa chuo kikuu. Twashukuru. Hata hivyo kitabu chaweza kuhifadhi maneno, lakini hakiwezi kushindana na mtu sokoni. Gicandi ilipopoteza uwanja wake, ilipoteza na sababu ya kijana kujifunza.

VITABU NA PICHA

Kwa habari ya vitabu, nchi hii haina haja ya kuona haya. Gakaara wa Wanjau alizaliwa mwaka 1921 sehemu za Tumutumu, akasoma Alliance, akatumika jeshini kama karani, kisha akawa mwandishi. Mwaka 1952 alitoa vijitabu na nyimbo za kuwaamsha watu. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, hakukawia kukamatwa, na aliwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Humo aliandika daftari zake kwa siri. Daftari hizo zilitoka kuwa kitabu mwaka 1983, na mwaka 1984 kitabu hicho kilishiriki Tuzo ya Noma, iliyokuwa heshima kubwa ya vitabu vya Afrika. Mtu huyu alifanya kazi yake ya kupiga chapa mjini Karatina mpaka uzee wake, akafa mwaka 2001. Makarani wenzetu na wamkumbuke, kwa maana kalamu yake ilikuwa kama zetu.

Mwenye kupenda picha naye ana mahali pa kwenda. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alichora mwaka 1959 picha kubwa tano ukutani za maisha ya Yesu. Alimchora Bwana kama Mwafrika, katika nchi ifananayo na hii yetu, na mtu aingiaye humo huona watu na vilima avijuavyo.

Na katika mji wa Nyeri, sehemu ya Ruring'u, jengo lililojengwa mwaka 1924 kuwa baraza la kesi za Waafrika ni jumba la makumbusho leo. Mzazi aweza kuwapeleka watoto wake huko wakaona vyombo ambavyo hapo zamani kila nyumba ilikuwa navyo.

JUMAMOSI, NGOMA ZA MCHANA

Jumamosi ni siku ya posa na sherehe. Wageni wa ruracio wafikapo langoni huzuiliwa, na akina mama wa ndani na wa nje hujibizana kwa nyimbo za mzaha mpaka lango lifunguliwe. Nyimbo hizi zingali hai kabisa. Hakuna aliyezifundisha darasani. Binti husimama nyuma ya mama yake, na mwaka ufuatao huitikia mwenyewe.

Katika sherehe kubwa huonekana pia mwomboko, na hapa twafikia jambo ambalo latutia wasiwasi. Mwomboko ulienea katika miaka ya 1930 na 1940. Kabla yake palikuwa na muthirigu, wimbo wa kuwapinga wamisionari na serikali, uliopigwa marufuku mwaka 1930. Askari na wapagazi waliorudi kutoka Vita Kuu walikuwa wameona jinsi Wazungu wanavyocheza, mume na mke wameshikana, na vijana wakaichukua namna ile wakaigeuza iwe yao: hatua mbili, kisha kuinama. Chombo chake ni akodiani, kile kinanda cha mkono kinachovutwa na kukunjwa, na pamoja nacho karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo kwa kijiti cha chuma.

Wakati wa Hali ya Hatari watu walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, mikutano ikazuiliwa, na akodiani ikanyamaza. Ilirudi baada ya Uhuru katika sikukuu za taifa na mikusanyiko ya wakubwa. Lakini angalia wachezaji wake: aghalabu ni wazee wenye kofia na makoti, na mpigaji ni mzee kuliko wao. Vijana husimama kando na simu zao wakipiga picha. Wanaupenda, hawaujui. Akodiani ni ghali, haitengenezwi hapa, na mafundi wa kuirekebisha ni wachache. Mpigaji akifariki, mara nyingi chombo chake hutupwa darini kikaliwa na panya.

USIKU, MUGITHI

Jua likitua zamu ni ya mugithi. Neno hili kwa Kikuyu ni gari la moshi. Wachezaji hushikana mmoja nyuma ya mwingine wakazunguka ukumbi kama mabehewa, na mwimbaji mmoja mwenye gitaa huwaongoza, akiunga wimbo kwa wimbo, wa zamani na wa sasa. Jina hili lafaa sana Chaka, kwa kuwa reli iliyofika Nanyuki mwaka 1930 hupita hapa. Nayo ilikaa miaka mingi bila abiria mpaka safari za Nanyuki zilipoanzishwa tena Desemba 2020.

Wengine huulaumu mugithi kwa maneno machafu, na lawama hiyo si ya bure. Kuna nyimbo ambazo baba hawezi kuzisikiliza akiwa na binti yake. Lakini ukumbi huo huo ndio uliotunza nyimbo za Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 akafa mwaka 2018. Mwaka 1969 Kamaru aliwaimba walimu waliowaharibu wanafunzi wa kike, na walimu wakakasirika sana. Mwaka 1975 aliomboleza kuuawa kwa J. M. Kariuki. Mjukuu wake, aitwaye pia Joseph Kamaru na ajulikanaye kama KMRU, ni msanii wa sauti akaaye Berlin, naye amezitoa upya sahani za babu yake ili zisikike ulimwenguni kote. Huyo ni mrithi aliyeona mali ya babu yake kuwa mali.

LA KUFANYA

Basi jibu la swali letu ni hili. Wimbo unaodumu ni ule wenye siku yake, mahali pake, na mtoto aliyesimama karibu na mkubwa. Kwaya ina hayo yote. Nyimbo za langoni zina hayo yote. Mugithi una ukumbi wake. Gicandi na akodiani zimenyimwa, na ndiyo maana zinakwisha.

Yako mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwenye mzee nyumbani ajuaye beti za kale na amwombe aimbe wimbo mzima, si kipande, na autie katika simu, kisha aandike maneno yake katika daftari pamoja na jina la mwimbaji na tarehe. Pili, walimu wa muziki na wawaalike wapigaji akodiani shuleni mara moja kwa muhula, na kuwapa nauli na chai; mzee hakatai kuheshimiwa. Tatu, wasimamizi wa sherehe, na hata wa maonyesho ya kilimo ya Kabiruini, ambako taifa zima liliadhimisha Madaraka tarehe 1 Juni 2017, na waweke zamu ya vijana kucheza mwomboko pamoja na wazee, si baada yao.

Na kama katika nyumba yako kuna akodiani ya marehemu baba, usimwuzie mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ipanguse vumbi, umtafute mzee ajuaye kuipiga, umpelekee pamoja na mwanao.