Kiti Kimoja Mara Tatu

Ukipita asubuhi mbele ya Jumba la Hukumu mjini Lubumbashi, utawaona watu waliovaa makanzu meusi marefu, wenye kitambaa cheupe shingoni na makaratasi kwapani. Hao ni mawakili. Watu wa mjini huwaita avoka. Kazi yao ni kumsemea mtu mbele ya hakimu. Lakini kabla ya kusema, kazi yao ni kusoma, tena kusoma polepole. Mtu mwingine akipewa karatasi atie sahihi, hutafuta upesi mahali pa kuandika jina lake. Avoka hutazama kwanza maneno yaliyo juu, kwa maana anajua ya kuwa neno moja laweza kumnyima mjane shamba lake.

Habari hii ni ya mwanasheria mmoja wa Kongo aliyepewa karatasi ya namna hiyo mbele ya wakuu wote wa nchi. Naye akachukua kalamu, akafuta maneno.

Jina lake Étienne Tshisekedi. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1932 katika Luluabourg, mji wa Kasai uitwao siku hizi Kananga. Zamani zile za utawala wa Wabelgiji, kijana mwenye akili aliweza kuwa padre, au karani, au msaidizi wa mganga. Mlango wa sheria ulikuwa umefungwa. Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilifunguliwa mwaka wa 1954. Kile cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1956. Basi uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii iliyo kubwa kupita Ubelgiji mara sabini na zaidi haikuwa na avoka Mkongo hata mmoja. Fikiri jambo hilo. Nani atatunga sheria? Nani atawahukumu watu katika mahakama kubwa?

Ndiyo sababu vijana walipandishwa upesi mno. Mwezi wa Septemba 1960 Leta iliwekwa mikononi mwa wasomi, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, na Tshisekedi akawa msaidizi wa mkuu wa mambo ya sheria, naye hajamaliza masomo yake. Mwaka wa 1961 alipata shahada ya udaktari wa sheria. Huhesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza kuipata. Kisha akaongoza shule ya Leta iliyofundisha mahakimu na watumishi wa serikali.

Mwezi wa Novemba 1965 Jenerali Mobutu alitwaa utawala kwa nguvu za jeshi, akamwita mwanasheria huyo kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hapa yafaa kusema kweli yote. Tarehe 2 Juni 1966 wanasiasa wanne walinyongwa Kinshasa mbele ya umati wa watu, baada ya hukumu ya haraka sana. Mmoja wao alikuwa Évariste Kimba, mtu wa Katanga, aliyepata kuwa Waziri wa Kwanza. Tshisekedi alikuwa waziri siku hiyo, wala hakukiacha kiti chake. Mwaka wa 1967 alikuwa mmoja wa waliotunga katiba mpya. Baadaye akawa Waziri wa Sheria, kisha balozi katika Maroko. Alipanda kama wengine walivyopanda, kwa kupendwa na mkuu mmoja.

Mwaka wa 1980 mambo yaligeuka. Yeye na wabunge wenzake kumi na wawili walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52, wakimwonyesha jinsi nchi ilivyoharibika. Malipo ya barua hiyo yalikuwa kifungo, na kupelekwa mbali vijijini, na kifungo tena. Mwezi wa Februari 1982 walianzisha chama chao, UDPS, wakati sheria ilikataza chama chochote kisicho cha Mobutu.

Sasa tufike kwenye karatasi ile. Mwezi wa Septemba 1991 askari wasiolipwa mishahara walipora maduka na nyumba Kinshasa. Mobutu akaona hana budi kumwita adui yake awe Waziri wa Kwanza. Mwezi wa Oktoba akaletewa kiapo kilichokwisha kuandikwa. Ndani yake Rais aliitwa mdhamini wa taifa. Tshisekedi akayasoma maneno hayo, akayakata kwa kalamu, ndipo akatia sahihi. Wengi walidhani ni ubishi wa mzee mwenye kichwa kigumu. Na kweli kichwa kigumu alikuwa nacho. Lakini sababu yake ilikuwa ya mwanasheria. Kama taifa linasimama kwa udhamini wa mtu mmoja, basi kila kiti ni mali ya mtu huyo. Akipenda atakupa leo, na kesho atakuondoa. Kama taifa linasimama kwa sheria, Rais naye yuko chini yake. Siku chache baadaye Mobutu akamwondoa. Akampa mwingine kiti kwa muda mfupi, kisha, mwezi wa Novemba, akampa Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga.

Kurudishwa katika cheo cha zamani si jambo baya lenyewe. Tazama Uingereza. Huko palikuwa na mwanasheria Quintin Hogg, aitwaye Lord Hailsham. Mwaka wa 1970 alifanywa Lord Chancellor, mkubwa wa mahakimu wote, akakaa hata mwaka wa 1974. Chama chake kikashindwa katika uchaguzi, akatoka. Mwaka wa 1979 chama chake kikashinda, akarudishwa katika cheo kile kile mpaka mwaka wa 1987. Baba yake naye alikuwa amekishika mara mbili kabla ya Vita Kuu ya pili. Hakuna askari aliyemtoa Hailsham ofisini, wala hakuna mtaa uliochomwa moto aliporudi. Raia walikuwa wamehesabiwa kura zao, na waliojua hesabu walijua nani ataingia na nani atatoka.

Kongo palikuwa na Mkutano Mkuu wa Taifa, wenye wajumbe zaidi ya elfu mbili kutoka mikoa yote, chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo wa Kisangani. Tarehe 15 Agosti 1992 wajumbe walipiga kura, na Tshisekedi akachaguliwa Waziri wa Kwanza kwa kura kama 71 katika kila 100. Mara hii kiti hakikutoka mkononi mwa Mobutu. Kilikuwa ni kiti kile kile, lakini aliyekitoa ni mwingine.

Huku kwetu kusini uchaguzi huo ulikuwa na machozi yake. Mkoa uliitwa Shaba siku zile. Aliyetolewa ni Nguz wa Katanga, aliyeingia ni mtu wa Kasai. Na wakuu wa mkoa wakawachochea watu dhidi ya majirani wao wenye asili ya Kasai. Watu hao baba zao na babu zao waliletwa tangu wakati wa Wabelgiji kuchimba shaba na kujenga njia ya reli. Wengi walizaliwa hapa, hawakupata kuiona Kasai kwa macho. Wakafukuzwa makazini na majumbani. Huko Likasi, na baadaye Kolwezi, maelfu walilala kwenye stesheni miezi mingi, pamoja na watoto na mizigo yao, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka kwa jamaa wasiowajua. Wengi walikufa, hasa watoto wadogo. Kilichobadilika ni jina la mtu katika ofisi moja Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo.

Wala Mobutu hakunyamaza. Ilipotolewa noti mpya ya zaire milioni tano, Tshisekedi alitangaza kuwa si fedha halali. Mwezi wa Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti hizo, na wenye maduka wakazikataa. Askari wakatoka na bunduki. Watu wengi waliuawa, hata balozi wa Ufaransa. Katika Kasai watu walimtii, wakaikataa noti hiyo kabisa. Mwezi wa Machi Mobutu aliweka Waziri wa Kwanza mwingine, na kwa muda nchi ikawa na serikali mbili, kila moja ikisema ndiyo ya kweli.

Mwaka wa 1994 kiti kikapewa Kengo wa Dondo. Huyo naye ni daktari wa sheria, na kwake ilikuwa mara ya tatu: alikuwa amekikalia toka 1982 hata 1986, na tena toka 1988 hata 1990. Mara zile mbili Mobutu alimpa na Mobutu alimnyang'anya. Mara ya tatu bunge la wakati ule lilimchagua, akadumu mpaka vita vya Laurent-Désiré Kabila vilipokaribia.

Tarehe 2 Aprili 1997, katika hofu hiyo, Tshisekedi akateuliwa kwa mara ya tatu. Aliwatenga watu wa Mobutu, akaliambia bunge kwamba limevunjwa, akawawekea watu wa Kabila viti sita vya uwaziri. Wao wakavikataa, mtu anayeteka miji haombi kiti. Siku saba zikapita. Tarehe 9 Aprili Mobutu alimwondoa, akamweka Jenerali Likulia mahali pake. Siku hiyo hiyo askari wa Kabila waliuteka mji wa Lubumbashi, na kutoka hapa hapa Lubumbashi, tarehe 17 Mei, Kabila alijitangaza kuwa Rais.

Tshisekedi hakupewa kiti hicho tena. Alifariki Bruksel tarehe 1 Februari 2017. Wenye serikali na jamaa zake walibishana juu ya maziko yake miaka miwili na zaidi, na jeneza likangoja Ubelgiji. Mwezi wa Januari 2019 mwanawe Félix aliapishwa kuwa Rais. Mwisho wa mwezi wa Mei jeneza likaletwa Kinshasa, na tarehe 1 Juni 2019 akazikwa Nsele.