Boma la Pangani

Sisi wa Nyashimo tuna maji mengi, ila ni maji baridi ya ziwa. Leo, wajukuu zangu, twende upande wa pili wa nchi, mkoani Tanga, pale Mto Pangani unapomwaga maji yake baharini. Kwenye mji huo mdogo pana jengo kongwe la serikali liitwalo Boma.

Lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiomani. Saruji hakuna, nondo hakuna! Watu wa pwani walichimba matumbawe, mengine wakayapanga juu ya magogo wakayachoma mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikakorogwa na mchanga, ikashikanisha mawe. Dari ikabebwa na boriti za mikoko. Mkoko mnyoofu haurefuki sana, ndiyo maana vyumba vya majumba ya namna hii ni vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi. Tajiri awe na fedha kiasi gani, upana wa chumba aliupanga mti. Kazi nzito ilifanywa na watumwa. Wapangani husimulia kwamba baadhi yao walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Ni masimulizi tu, lakini watu hawasimulii hivyo kuhusu nyumba iliyojengwa kwa furaha.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Wakala wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipepee Pangani. Liwali akakataa. Zelewski akaleta askari wa manowari, bendera ikapanda kwa mabavu. Kumbe manowari haikai milele! Ilipoondoka, watu wakamfungia ndani, hadi Jenerali Mathews wa jeshi la Sultani alipokuja kumtoa. Vita vikatapakaa pwani chini ya Bushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga hapohapo Pangani, 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakufika mbali: mwaka 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa walimuua huko Lugalo.

Wajerumani wakaligeuza Boma kuwa ofisi, Waingereza wakalirithi, kisha likawa letu. Siku hizi adui wake ni unyevu. Fundi asiyejua huziba nyufa kwa saruji. Unyevu hunaswa ndani, chumvi ikautafuna ukuta. Anayejua huchukua chokaa, kama wale wa 1810.