Kabla ya Jiwe la Kwanza

Sisi tunaoishi hapa Pipeline tumezoea kuona nyumba zikichipuka kama uyoga. Leo ni kiwanja kitupu, kufumba na kufumbua ni ghorofa, na nguo zimeshaanikwa kila roshani. Ndiyo maana tukienda mashambani wakati wa likizo huwa tunashangaa: mbona karakana ya chuo cha ufundi iliyoahidiwa kijijini haina hata msingi? Katika makala haya nitaeleza njia inayopitiwa na jengo kama hilo.

Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa juhudi za NCCK, ili vijana waliokosa nafasi za sekondari wajifunze useremala, uashi na ushonaji. Mengi ya majengo hayo yalikuwa ya Harambee. Huyu alileta mchanga, yule bati. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo hivi chini ya serikali za kaunti.

Kwanza, mradi huingizwa katika mpango wa kaunti wa miaka 5, kisha katika bajeti ya mwaka, ambayo huanza Julai 1. Wananchi huitwa mkutanoni kutoa maoni. Anayebaki nyumbani akingoja kuambiwa, ataambiwa kweli: mradi umekwenda wadi nyingine!

Pili ni ardhi. Shamba lililotolewa na mzee kwa mdomo tu halitoshi. Mzee akifariki, wanawe wanaweza kulidai. Lazima kuwe na hati.

Tatu ni ramani. Udongo mweusi, kama huu wetu wa Embakasi, huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kwa hivyo msingi wake si sawa na wa udongo mwekundu. Mhandisi hupiga hesabu hizo. Kaunti huidhinisha ramani kwa mujibu wa sheria ya mipango ya 2019, NEMA huangalia mazingira, nayo NCA husajili mradi na mwanakandarasi.

Nne, zabuni hutangazwa wazi, ndipo kazi ianze. Jengo likikamilika, TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, hukagua kabla ya kutoa leseni ya kufundisha.

Huenda ukasema, "Ah, hizo ni karatasi tu!" Sivyo, ndugu yangu. Juni 2017 jengo la ghorofa 7 liliporomoka Kware, jirani zetu hapa. Septemba 2019 madarasa ya shule moja yaliporomoka Ng'ando, na wanafunzi 8 wakapoteza maisha. Kila muhuri ni swali ambalo mtu fulani alipaswa kulijibu kabla watoto hawajaingia ndani.

Hata hivyo, faili likilala miaka mingi kwenye droo, kijana naye huzeeka bila ufundi. Basi likizo ijayo, muulize mwakilishi wadi wenu maswali matatu: Mradi umo katika bajeti? Hati ya ardhi iko wapi? Ramani imeidhinishwa? Akiyajibu yote, ngojeni, kwani subira huvuta heri. Akibabaika, jueni mnangojea hewa.