Sukari ya Kwenye ORS Inafanya Nini?

Wengi hudhani sukari imetiwa kwenye pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari anayonyweshwa mtu anayeharisha, ili mgonjwa asiikatae. Ladha ni jambo dogo. Mtu mwenye kipindupindu akinywa maji ya chumvi tupu, mengi yatamtoka vilevile yalivyoingia. Sababu iko kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba, utando wa mafuta na protini ulio mwembamba mno: ukipanga laki moja, mmoja juu ya mwingine, hufikishi milimita moja.

Mafuta hayo hayapitishi chumvi wala glukosi. Kila kimoja kina mlango wake wa protini, na kipindupindu huvuruga mlango wa kloraidi, ambayo pamoja na sodiamu ndiyo chumvi. Bakteria wenyewe hawaingii kwenye seli. Hutoa sumu inayonasa nje ya utando, kisha kipande chake hupenya ndani na kuikwamisha protini inayopokea ishara na kuzipeleka mbele. Protini hiyo, ambayo kwa kawaida huwaka na kuzimika, sasa haizimiki. Ishara zinarundikana, mlango wa kloraidi unabaki wazi, kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji huenda iliko chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Cha ajabu, seli hazijafa. Kwa hadubini ukuta wa utumbo unaonekana mzima. Zimetii amri ya uongo, basi.

Na kwa kuwa ziko hai, mlango mwingine bado unafanya kazi. Mwaka 1960, mjini Prague, mtafiti Robert Crane alieleza kwamba glukosi huingia kwenye seli hizo ikiandamana na sodiamu. Leo tunajua hesabu yake: sodiamu mbili kwa kila glukosi moja. Upande wa pili wa seli kuna pampu, ile aliyoigundua Jens Christian Skou kwenye neva za kaa mwaka 1957, inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Hiyo ndiyo huifanya seli iwe na njaa ya sodiamu muda wote. Sodiamu na glukosi zikishaingia, maji nayo huvutwa kurudi mwilini.

Mwaka 1968, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa maji yenye chumvi na glukosi. Miaka mitatu baadaye, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi, magadi na glukosi, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kipimo lakini hakina mchezo. Mchanganyiko unaotumika tangu 2002 una sodiamu na glukosi kwa uwiano sawa, milimoli 75 kila moja kwa lita. Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuja utumboni, na ndiyo maana soda si mbadala, hata kama jirani anaapa ilimponya.

ORS haifungi mlango wa kloraidi. Mgonjwa atakunywa na bado ataharisha, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa na kuiacha pakiti mezani. Waendelee kumnywesha kila anapoharisha, kwani wanachopigania ni kinachoingia kisiwe kidogo kuliko kile kinachotoka. Aliyelegea kabisa au asiyeweza kunywa apelekwe hospitali mara moja akawekewe dripu.