Saa ya Mzamiaji: Tununue ya Nafuu au ya Kifahari?

Huenda msomaji akashangaa kuona habari ya saa za wazamiaji katika jarida la akina mama. Saa hizo ni nene na nzito, na mara nyingi wanaozivaa ni wanaume. Lakini fedha za kuzinunulia hutoka katika mfuko uleule wa ada ya shule, kodi ya nyumba na sadaka ya kanisani. Kwa sababu hiyo mama hana budi kuzifahamu. Mke asiyejua jambo hukosea kwa njia mbili: ama hukubali kila anachoambiwa, ama hukejeli kitu ambacho kwa mumewe kina uzito. Zote mbili hazijengi nyumba.

Katika makala hii tutaeleza saa hizi zinafanya kazi gani, na kwa nini moja yauzwa kwa dola 300 na nyingine kwa dola zaidi ya 9,000. Kisha tutatazama jinsi mke na mume wanavyoweza kuamua pamoja bila kuumizana.

SAA HII NI YA KAZI GANI?

Mtu anapozama baharini, kila mita 10 anazoshuka humwongezea mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Akifika mita 30, yeye na kila alichovaa hubanwa mara 4 kuliko alivyokuwa juu. Saa isiyotengenezwa kwa kazi hiyo itaingia maji.

Jambo la pili ni muda. Hewa iliyo katika mtungi wa mzamiaji ina mwisho wake. Tena, kadiri anavyokaa chini, mwili wake hunyonya gesi ya nitrojeni. Akipitiliza muda wake kisha akapanda juu kwa haraka, gesi hiyo hufanya mapovu ndani ya mwili, na mapovu hayo yaweza kumlemaza au hata kumwua. Kwa hiyo kwa mzamiaji kujua dakika alizokaa chini si anasa.

Ndiyo sababu saa hizi zina pete ya nje inayozunguka kioo, yenye alama za dakika. Mzamiaji huiweka alama kuu mbele ya mshale wa dakika anapoanza kuzama, na baadaye husoma moja kwa moja muda uliopita. Pete hiyo huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itaonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita, wala si mchache. Mzamiaji atapanda mapema kuliko ilivyolazimu, lakini atapanda akiwa mzima.

Shirika la Kimataifa la Viwango limeweka kanuni ya saa hizi, nayo huitwa ISO 6425. Kwa kanuni hiyo, saa ya mzamiaji sharti istahimili angalau mita 100, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na ijaribiwe kwa mgandamizo unaozidi kwa asilimia 25 ule ulioandikwa. Saa ya mita 200 hujaribiwa kana kwamba imeshuka mita 250. Wazamiaji wa burudani, hata wenye uzoefu, huwekewa mpaka wa mita 40. Basi saa ya mita 200 tayari ina nguvu kuliko mwili wa mtu anayeivaa.

Hapa tuongeze neno moja kwa faida ya nyumba zote. Saa ya kawaida iliyoandikwa mita 30 si ya kuogelea. Maana yake ni kwamba inavumilia manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Ya mita 50 yafaa kuogelea kidogo, na ya mita 100 yafaa kuogelea vizuri. Akina mama wengi wamemlaumu fundi saa bure kwa sababu namba hizo hazikuwa zimeeleweka.

TOFAUTI YA BEI YATOKA WAPI?

Kampuni ya Seiko ya Japan ilitoa saa yake ya kwanza ya wazamiaji mwaka 1965. Leo kampuni hiyo na mwenzake Citizen hutengeneza saa za mita 200 zinazouzwa kwa dola mia kadhaa. Zile zinazofuata kanuni tuliyoitaja huandikwa "DIVER'S 200m" usoni. Za Citizen aina ya Eco-Drive hupata nguvu kutoka kwenye mwanga, ama wa jua ama wa taa, hivyo mwenye saa hahitaji kubadilisha betri kila mara. Nyingi za aina hiyo huuzwa kati ya dola 200 na 400.

Upande wa pili ziko saa za kifahari za Uswisi, na inayojulikana kuliko zote ni Rolex Submariner iliyoanza mwaka 1953. Siku hizi inastahimili mita 300. Mpya dukani huzidi dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20 za Tanzania au zaidi ya milioni moja za Kenya. Tena si kila mwenye fedha huipata siku hiyohiyo. Wengi huwekwa kwenye orodha ya kungojea.

Je, fedha hizo nyingi zinanunua nini? Zinanunua chuma bora, kazi nadhifu, na mitambo inayoendeshwa na mwendo wa mkono bila betri. Ikitunzwa, saa hiyo yaweza kurithiwa na mtoto na mjukuu. Hayo ni ya kweli, wala hatuyadharau. Lakini hazinunui usahihi wa wakati. Rolex hujivunia kwamba saa zake hazipotezi wala kuzidisha zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Kwa saa ya mitambo hiyo ni sifa kubwa. Hata hivyo saa ya kawaida ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima, yaani nusu sekunde kwa siku. Ile ya bei nafuu ndiyo inayosema kweli zaidi.

Wala gharama haziishii dukani. Saa ya kifahari huhitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi aliyeidhinishwa, kwa kawaida baada ya miaka kama 10, na kazi hiyo hugharimu mamia ya dola. Fundi wa sokoni hawezi kupata vipuri vyake halali kwa urahisi. Wako pia wanaosema, "Hii ni akiba, itapanda bei." Mwaka 2022 bei za saa za namna hiyo zilizotumika zilifika juu sana, kisha zikashuka. Akiba inayovaliwa mkononi yaweza pia kuvuliwa na mwizi njiani.

MWANAMKE ALIYEVAA SAA SHINGONI

Yafaa tujue kwamba sifa ya saa za Rolex majini ilianza na mwanamke. Mercedes Gleitze alikuwa karani wa kupiga taipu jijini London. Tarehe 7 Oktoba 1927 alivuka kwa kuogelea mlangobahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, akawa Mwingereza wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Muda mfupi baadaye mwanamke mwingine alitoa madai ya uongo ya kuvuka, na watu wakaanza kumtilia shaka hata Gleitze. Akaamua kurudi majini.

Tarehe 21 Oktoba aliingia tena baharini, safari hii akiwa na saa ya Rolex imefungwa kwa utepe shingoni. Maji yalikuwa ya baridi kali. Baada ya saa zaidi ya 10 ilibidi atolewe kabla ya kufika ng'ambo. Lakini walioshuhudia uvumilivu wake hawakumtilia shaka tena, na ile saa ilikuwa bado inakwenda sawasawa. Mwezi uliofuata mwenye kampuni, Hans Wilsdorf, alitangaza habari hiyo katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail.

Kampuni ilipata jina. Gleitze naye alikuwa na shabaha nyingine. Alikuwa akiweka fedha kutokana na kuogelea kwake ili kuwasaidia maskini, na mwaka 1933 nyumba za kuwahifadhi watu wasio na makao zilifunguliwa kwa jina lake katika mji wa Leicester. Sisi tunaona kwamba katika habari yote hiyo, jambo zuri kuliko yote ni hizo nyumba.

NYUMBA MOJA YA PWANI

Tunawafahamu mke na mume wanaoishi katika mji mmoja wa pwani yetu. Mume ni mzamiaji anayewaongoza wageni kutazama matumbawe. Baada ya miaka 12 alihama kutoka kwa mwajiri mmoja, akalipwa haki zake kwa mkupuo. Wiki hiyohiyo mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwahidi Submariner yake iliyotumika, kwa bei aliyoiita ya kirafiki. Bei hiyo ingemeza karibu fedha zote. Na binti yao wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi.

Mke alitueleza kwamba maneno makali yalimfikia mdomoni akayameza. Alingoja hadi watoto walipolala, kisha akamwuliza, "Baba watoto, nieleze. Kwa nini saa hii?"

Mume alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mama watoto, miaka 12 nimebeba mitungi ya watu. Kila mgeni ninayemshusha chini ana saa kuliko yangu. Yangu imeingia maji tangu mwezi wa tatu. Natumia kompyuta ya kuzamia ya kazini, na siku ikizimika nikiwa chini sina kitu kingine mkononi."

Mke akatambua kwamba ndani ya jibu lile mlikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa usalama, na hilo halikuwa na mjadala: mume wake alihitaji saa nzuri, tena upesi. La pili lilikuwa heshima. Nalo lilikuwa la kweli, lakini je, saa ya mgeni ingeliponya?

Siku ya pili walikaa na kalamu na karatasi. Waliandika ada ya chuo, bati za chumba kisichokwisha, na deni la dukani. Waliandika pia saa, kwa sababu mke alikataa isiachwe nje ya hesabu. Mume ndiye aliyesema mwenyewe kwamba saa ile haina karatasi za dukani, na kwamba hajui kama mipira yake ya kuzuia maji ingali mizima. Mwishowe walinunua Citizen mpya ya mita 200, inayotumia mwanga. Mke alimwomba fundi achonge nyuma yake mwaka ambao mume alizama kwa mara ya kwanza. Binti alikwenda chuoni.

Mke anatuambia kwamba hata leo mumewe hutazama saa za wageni. Yeye humwacha atazame. Lakini jioni mmoja alimsikia akimwonyesha kijana wa jirani ile namba iliyochongwa nyuma, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekosa kitu.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KUNUNUA

1. Je, saa hii ni ya kazi au ya pambo? Kama ni ya kazi, nunueni iliyo imara, wala msichague ile duni kupita kiasi. Kama ni ya pambo, semeni hivyo waziwazi.

2. Je, baada ya kuilipia, ada, chakula, dawa na sadaka vitabaki mahali pake? Kama sivyo, wakati wake haujafika.

3. Je, ni fedha zetu au ni za mkopo? Kukopa kwa ajili ya pambo ni kuvaa deni mkononi.

4. Kama imetumika, je, ina karatasi zake, na fundi wa kuaminika ameifungua na kuipima kwa maji? Saa bandia zilizofanana na Rolex ni nyingi, na nyingine humdanganya hata mtu mzoefu.

5. Je, tumeamua wote wawili? Kitu kilichonunuliwa kwa siri huleta ugomvi kila kinapoonekana.

Hatusemi kwamba kumiliki saa ya kifahari ni dhambi. Iwapo madeni yamekwisha, watoto wamesoma, mkono haujafungwa kwa wahitaji, na mke na mume wameridhiana, hiyo ni juu yao na dhamiri zao. Lakini Bwana wetu, katika Luka sura ya 14, alitukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza ahesabu gharama. Tuangalie kwamba huketi. Hesabu ya namna hiyo haifanywi kwa kupita mlangoni wala kwa kurushiana maneno jikoni.

Kwa hiyo, mama mpendwa, siku mumeo atakapokuja na picha ya saa, usicheke, wala usiogope. Vuta kiti, mwulize kwa nini anaitaka, na usikilize hadi mwisho. Kisha leteni karatasi. Kupanga ni kuchagua, na wawili wakichagua pamoja, hata saa ya dola 300 itavaliwa kwa furaha.